Mvumo wa Gari la Mwalimu

Wahenga walisema kwamba mazoea yana taabu, na neno hilo lilimthibitikia mwalimu mmoja mstaafu wa Kwale. Kila mwezi humpeleka mkewe katika hospitali ya Msambweni kwa gari lake dogo. Huteremka vilima vya Shimba hata Kombani, kisha hushika njia ya kusini, akapita Tiwi na Ukunda. Alidhani kwamba alilijua gari lile kama kiganja cha mkono wake.

Wakati wa likizo mjukuu wake, binti wa miaka tisa, alikuja kutoka Mombasa akafuatana nao. Walipofika Tiwi akauliza, "Babu, nyuki hao wako wapi?" Mwalimu akacheka, akasema hapana nyuki. Mkewe akanena kwa upole, "Mwalimu, mtoto asema kweli. Nausikia mvumo huu tangu masika. Nilidhani nawe wausikia."

Mwalimu alifadhaika. Mvumo ule ulianza kidogo kidogo ukakua, na sikio lake likauzoea kadiri ulivyokua.

Waliporudi nyumbani alishuku magurudumu, maana tairi lililolika vibaya huvuma. Akayahamisha ya mbele akayatia nyuma, na ya nyuma mbele, lakini mvumo haukubadilika. Aliona haya kumpelekea fundi gari linalokwenda vizuri, akataka kuliacha hivyo mpaka safari ya mwezi ujao. Mkewe hakukubali.

Fundi wa Ukunda hakugusa spana. Alishika usukani mwenyewe, akamketisha mwalimu kando yake na mtoto nyuma. Katika njia iliyonyooka, mwendo ulipozidi mvumo nao ulizidi. Fundi akaondoa gia. Injini ikatulia, lakini mvumo ukabaki vilevile. Basi kosa halikuwa la injini. Walipokata kona ya kulia mtoto akasema, "Sasa umezidi." Walipokata ya kushoto, ukapungua.

"Mwalimu," fundi akaeleza, "gari likigeuka kulia, uzito huelemea magurudumu ya kushoto; na chombo kilichochoka hulia kikitwikwa mzigo."

Kwenye gereji aliliinua gari kwa jeki, akalizungusha kila gurudumu la upande ule huku kiganja kimeshika springi. La mbele lilizunguka laini. La nyuma lilitetemesha mkono kana kwamba limejaa changarawe. Lilipofunguliwa, beringi yake, yaani zile gololi za chuma zilifanyazo gurudumu lizunguke kwa wepesi, ilikuwa imeshika kutu, na grisi imegeuka tope. Mwalimu akayakumbuka maji aliyoyavuka barabarani wakati wa masika.

Fundi akamwambia kwamba beringi ya namna hiyo hupata moto, ikavunjika, na gurudumu laweza kung'oka gari likiwa mwendoni. Mwalimu aliuwaza mteremko wa Kwale na wale aliowapakia, asiseme neno.

Beringi mpya ilitiwa siku hiyohiyo, na gari likapanda Kwale kimya. Tangu hapo, kila ampakiapo mgeni humwuliza anasikia nini, naye humsikiliza, hata akiwa mtoto. Yafaa kila mwenye gari afanye vivyo hivyo, kwani sikio la mgeni husikia lile ambalo mwenyeji amekwisha kulizoea.