Mierezi ya Lebanoni na Jirani Zake

Jina la mwerezi tumelizoea tangu utoto wetu katika shule za misioni. Twalisikia katika Zaburi, twalisikia katika masomo ya sikukuu za Bikira Maria, na tena katika habari za Mfalme Salomoni alipomjengea Mungu hekalu. Wanafunzi wetu nao hawakosi kuuliza: "Mwalimu, mwerezi ni mti gani? Wafanana na upi wa kwetu?" Jibu fupi ni kwamba ni mti mkubwa wa milima ya Lebanoni. Jibu refu lina faida zaidi, hasa kwetu sisi tukaao milimani.

Majani ya mwerezi ni membamba kama sindano, nayo ni mabichi mwaka mzima. Mbegu zake hukaa katika tunda gumu lenye magamba, liitwalo koni. Huko Lebanoni mti huu hupenda mahali pa baridi, yapata meta 1,300 hata 2,000 juu ya bahari, nao waweza kuishi zaidi ya miaka 1,000. Tukitazama picha yake, matawi yametandazwa kama mikeka juu ya theluji, twadhani ni mfalme asiyehitaji msaada wa yeyote. Sivyo.

Katika msitu wa Ehden, upande wa kaskazini wa nchi hiyo, mierezi huishi pamoja na miti mingine miwili ya jinsi hiyo. Mmoja ni wa jamaa ya misonobari, nao huitwa kwa jina la Kilikia, nchi alikozaliwa Mtume Paulo; milima ya Lebanoni ndiyo mpaka wake wa kusini. Wa pili ni mtarakwa, ndugu wa ule uotao katika milima ya Kenya. Imo pia mialoni na mitofaa ya mwitu. Misitu yenye mkutano wa namna hii ni michache sana duniani.

Kila mti una desturi yake. Koni ya mwerezi hukomaa kwa muda unaopita mwaka mmoja. Kisha huvunjika juu mtini, na mbegu zenye ubawa huchukuliwa na upepo. Huanguka chini wakati wa baridi, hulala katika theluji, na theluji ikiyeyuka huota. Hapo mche hauna nafasi ya kukawia. Kiangazi cha huko hakina mvua, basi mzizi hauna budi kupenya nyufa za mawe ya chokaa kabla udongo haujakauka. Mwerezi hutaka mwanga. Mti mzee uangukapo, watoto huinuka palipofunguka. Msonobari wa Kilikia huvumilia kivuli, hukua polepole chini ya wakubwa. Mtarakwa hupanda juu kuliko wote, penye upepo mkali, na mbegu zake hutawanywa na ndege walao matunda yake. Mawe yenyewe hunywa maji ya theluji na kuyatoa bondeni kama chemchemi. Hivyo ndivyo ulivyo mto wa Kadisha, ambao jina lake maana yake ni Takatifu: watoka chini ya mierezi, na katika bonde lake wamonaki Wamaroni wamesali karne nyingi.

Watu waliitamani miti hiyo tangu kale. Jahazi la Farao Keopsi, lililogunduliwa karibu na piramidi kuu mwaka 1954, limeundwa kwa mbao za mwerezi wa Lebanoni. Mfalme Hiramu wa Tiro alimpa Salomoni mierezi na miberoshi, magogo yakaelezwa baharini, naye Salomoni akalipa kwa ngano na mafuta. Watu wake walifanya kazi kwa zamu, mwezi mmoja mlimani na miezi miwili nyumbani. Katika karne ya pili Kaisari Hadriano aliagiza maandishi yachongwe katika majabali, kwamba aina nne za miti ni mali yake. Maandishi zaidi ya 200 yameonekana hata leo.

Lakini msitu hauishi kwa shoka tu. Shoka huondoa wazee; mbuzi huondoa watoto. Wakulima na wachungaji walipozidi, miche ililiwa kabla haijafika magotini pa mtu, na wazee waliobaki wakakosa warithi. Ndiyo sababu mwaka 1876 kichaka cha mierezi cha Bsharri, cha hekta 102, kilizungushiwa ukuta wa mawe kwa fedha za Malkia Victoria wa Uingereza. Ehden ulifanywa hifadhi mwaka 1992, na mwaka 1998 UNESCO iliandika bonde la Kadisha pamoja na mierezi ya Bsharri katika urithi wa dunia. Hata hivyo ukuta hauzuii joto. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mdudu asiyejulikana kabla alishambulia mierezi ya Tannourine na kula majani yake. Ukame na upungufu wa theluji ulimsaidia kuzaana.

Sasa tuje kwetu. Huku Kivu, katika misitu ya Kahuzi, nasi tunayo miti ya podo, ambayo ni ya ukoo mmoja wa mbali na mierezi, nayo huishi kati ya miti mingi ya majani mapana. Katika parokia yetu kuna msitu mdogo wa kienyeji juu ya chemchemi, na halmashauri imekuwa ikijadili kama ukatwe kwa ajili ya paa la kanisa. Mzee mmoja tunayemheshimu alisema: "Salomoni naye alikata." Tulimjibu: "Ni kweli, Baba, wala hatusemi kwamba ni dhambi kumjengea Mungu nyumba. Lakini tuhesabu miche kabla ya kuhesabu mbao." Tulikwenda kuihesabu pamoja na wanafunzi. Chini ya podo kubwa sita tuliona miche miwili tu, na njia ya mbuzi ikipita katikati.

Halmashauri bado haijakata shauri. Sisi twaomba mambo matatu: mbuzi wafungwe mbali na mahali hapo, miti iliyo karibu na chemchemi isiguswe, na mbao za paa zitoke katika mikaratusi iliyopandwa kando ya barabara, hata kama paa litachelewa mwaka mmoja. Akina mama wachotao maji pale wametuunga mkono, nao ndio wajuao jinsi maji yapunguavyo miezi ya Julai na Agosti. Enyi wazazi, na katika parokia zenu mwende mkatazame chini ya miti mikubwa. Mkiona miche, mshukuruni Mungu na kuilinda. Msipoiona, anzeni kazi msimu huu wa mvua.