Picha Unayopakia Imebeba Nini?

Leo tuzungumze kuhusu kitufe ambacho kila mwenye tovuti hukibonyeza bila kufikiri: kile cha kupakia picha. Unachagua faili, mstari unasonga hadi asilimia 100, kijipicha kinatokea kwenye maktaba ya midia. Basi, unaenda kunywa chai.

Kwa nyuma kuna mengi. Chukua WordPress, ambayo ndiyo naijua zaidi. Ukiipa picha ya simu yenye upana wa pikseli 4000, haihifadhi faili moja. Inaiweka ile asili kwenye folda ya wp-content/uploads, chini ya mwaka na mwezi, kisha inatengeneza nakala ndogo: kijipicha cha 150 kwa 150, ya 300, ya 768, ya 1024 na kuendelea. Tangu toleo la 5.3 la Novemba 2019, picha inayozidi pikseli 2560 hutolewa nakala iliyopunguzwa ambayo jina lake huishia na -scaled, na hiyo ndiyo hutumika badala ya picha kubwa. Ile asili haifutwi. Inakaa palepale kwenye seva, wazi kwa dunia nzima. Ukiona anwani inayoishia na IMG_0412-scaled.jpg, ondoa -scaled, bonyeza Enter... umeipata.

Kwa tovuti ya kuuza viatu hakuna neno. Lakini mwaka wa 2023 niliitwa kurekebisha tovuti ya kituo kimoja kinachowahifadhi wasichana waliokimbia kukeketwa na kuozwa mapema. Sitakitaja jina wala kaunti, na mtaelewa kwa nini. Shida niliyoambiwa ilikuwa ya kawaida kabisa: tovuti ni nzito na nafasi kwenye seva imejaa. Picha tu, nikajua. Mtu akipakia picha za megabaiti 5 kila wiki kwa miaka miwili, ghala litajaa.

Nikiwa napitia folda ile nilifungua picha moja ya asili kwa programu inayosoma Exif. Exif ni maelezo ambayo kamera huandika ndani ya faili lenyewe: aina ya simu, saa, namna simu ilivyoshikwa na, kama mwenyewe ameruhusu, mahali. Mahali kamili, latitudo na longitudo. Nikazinakili zile namba mbili nikazibandika kwenye ramani. Ramani ikanipeleka kwenye paa la bweni.

Nikafungua ya pili, ya tatu, ya kumi. Paa lilelile, au uwanja ulio mbele yake.

Sasa elewa jambo moja. Kwenye tovuti ile walikuwa waangalifu mno. Sura za wasichana hazionekani. Wamepigwa picha kwa nyuma, au mikono yao tu ikishona. Ukurasa wa mawasiliano una sanduku la posta la mji ulio mbali na kituo. Hakuna kibao barabarani. Yote hayo kwa sababu kuna wajomba na baba wanaowatafuta wasichana hawa, na baadhi yao tayari wamepokea mahari.

Ilikuwaje basi? Aliyewatengenezea tovuti aliwapa ushauri ambao hata mimi ningeuita mzuri. Walikuwa wakimtumia picha kwa WhatsApp, naye akaona zinafika zimefifia. Akawaambia wazitume kama dokumenti. Ukituma picha kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, hubanwa na Exif hutupwa. Ukiituma kama dokumenti, faili linafika lilivyo, na kila kilichoandikwa ndani yake. Picha zikapendeza, na bweni likaandikwa ndani ya kila moja.

Na ungezikagua picha zinazoonekana kwenye kurasa, ungeambiwa ni safi! Seva ile ilitumia GD kupunguza picha, na GD haihamishi Exif kwenye nakala. (Imagick ni tofauti: jinsi WordPress inavyoitumia, Exif inaweza kubaki hata kwenye nakala ndogo. Kwa hivyo usikisie, pima.) Tena WordPress ina anwani ya API inayotoa orodha ya picha kwa yeyote anayeuliza, pamoja na jina la faili asili, isipokuwa mwenye tovuti ameifunga.

Kama unadhani nakuza mambo, kumbuka Desemba 2012. Jarida la Vice liliweka mtandaoni picha ya John McAfee, aliyekuwa akitafutwa na polisi wa Belize ili ahojiwe. Ndani ya picha mlikuwa na GPS, watu wakasoma kwamba yuko Guatemala, na siku chache baadaye akakamatwa huko.

Dawa ni fupi. ExifTool, programu ya bure ya Phil Harvey:

exiftool -r -gps:all= -overwrite_original uploads/

Usiache hiyo -overwrite_original. Bila hiyo, ExifTool huhifadhi faili la zamani pembeni kwa jina linaloishia na _original, nawe utakuwa umeiacha siri kwenye folda ileile ya wazi. Na usikimbilie -all= kufuta kila kitu, maana inaondoa pia alama ya mwelekeo, na picha nyingine zitalala ubavu. Kisha fika kwenye chanzo: zima mahali kwenye mipangilio ya kamera ya simu, na usisahau nakala za akiba za tovuti, kwa sababu siku zikirudishwa, zitarudi na bweni.

Nilisafisha faili zaidi ya 200 kabla sijampigia simu mama anayesimamia kituo. Nilimweleza polepole, bila majina ya programu. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na walioziona tayari, kijana wangu?"

Nilikuwa nimetazama kumbukumbu za seva. Kampuni inayowahifadhia tovuti huweka za siku 30 tu. Katika siku hizo, faili asili zilikuwa zimeombwa na roboti za injini za utafutaji, na mara tatu na simu ambazo sikuweza kujua ni za nani. Kabla ya hapo, miaka miwili, hakuna rekodi.

"Mama, siwezi kujua," nikamwambia.

"Sawa. Basi nitaongeza mlinzi wa usiku," akasema, kisha akaniuliza kama kuzima hiyo kitu kwenye simu za walimu kunahitaji bando.

Hakuhitaji.