Shule ya Utingo na Shule ya Darasani

Mjomba wangu hakusomea udereva popote. Alianza kwa kuomba utingo kwenye lori la Bedford lililokuwa likibeba chumvi na nazi kutoka Kilwa kwenda Dar es Salaam. Kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kuosha gari, kujaza maji kwenye rejeta, kuweka gogo nyuma ya tairi mlimani na kulala juu ya mzigo kuulinda. Usukani alionjeshwa kidogokidogo: leo arudishe gari nyuma sokoni, kesho aendeshe kipande cha tambarare huku dereva mwenyewe akiwa pembeni, macho wazi. Leseni ilikuja baadaye kabisa.

Barabara ya siku zile haikumwachia mtu nafasi ya kubahatisha. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, magari ya kusini yalivuka Mto Rufiji kwa pantoni pale Ndundu. Masika yakikolea, kipande cha Ndundu hadi Somanga, kama kilomita 60 hivi, kiliweza kuyashika malori siku nzima nzima kwenye tope. Dereva hakuingia kwenye maji bila kuteremka kwanza, kupandisha suruali na kupima kina kwa fimbo. Vilimani, mjomba alirudia usemi wa madereva wenzake: gia uliyopandia ndiyo utakayoshukia. Maana yake ni kwamba injini ndiyo iuzuie mzigo, breki zisichemke zikakataa kazi katikati ya mteremko. Hilo ni somo la kweli, na vyuo vinalifundisha hadi leo.

Lakini shule hiyo ilikuwa na mapengo makubwa. Mjomba hakujua mstari mzima katikati ya barabara una maana gani, kwa sababu hakukuwa na mstari. Gari likiharibika usiku, utingo alikata matawi ya miti akayatandaza barabarani mbele na nyuma yake. Likishatengemaa waliondoka, matawi yakabaki palepale kumtisha au kumdanganya dereva mwingine. Wala hakukuwa na mtu wa kumuuliza utingo amejifunza nini. Akiwa na dereva mwema, alitoka mwema. Akiwa na dereva mlevi, aliurithi ulevi pamoja na usukani.

Lami ilipokuja ilibadilisha mambo yote haya. Ilikuja kwa vipande, na kile cha Ndundu hadi Somanga kikawa cha mwisho, miaka kadhaa baada ya daraja. Sikatai, tulifurahi sana. Mgonjwa aliwahi kufika Dar es Salaam, samaki wakafika sokoni wangali wabichi. Ila vijiji vyetu vimejipanga kandokando ya barabara hiyohiyo: Somanga, Miteja, Nangurukuru, Mandawa, Kiranjeranje. Mtoto aliyezoea kusikia lori likiguna kutoka mbali, akapata muda wa kuvuka na mbuzi wake, sasa alikutana na basi linalokwenda kilomita 80 kwa saa. Kwa mwendo huo gari hula mita 22 kila sekunde, kabla mguu wa dereva haujagusa breki.

Kisha zikaja pikipiki. Mwaka 2010 Serikali ilitoa kanuni za kusafirisha abiria kwa pikipiki na bajaji, na huku kwetu fedha za korosho na ufuta zikawa SanLG na Boxer. Hapa ndipo mnyororo wa kufundishana ulipokatika, maana bodaboda haina utingo. Kijana hujifunza jioni kwenye uwanja wa mpira, rafiki yake akimkimbilia nyuma. Asubuhi yuko kijiweni, na baada ya wiki anapakia mishikaki, abiria zaidi ya mmoja kwa mpigo.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi wakati huo. Mmoja wa wanafunzi wangu wa zamani, mtoto wa jirani, alitoka barabara ya vumbi akaingia barabara kuu bila kusimama, akakumbana na Fuso. Alipelekwa Hospitali ya Kinyonga pale Kilwa Kivinje, kisha Dar es Salaam, mwendo wa kilomita 300 hivi, mguu umefungwa kwa mbao. Mungu alimnusuru, ila sasa anatembea kwa gongo. Nilipokwenda kumjulia hali nilimuuliza kama aliliona lile bango la kusimama.

"Niliona, mwalimu," akasema. "Lakini nilidhani ni la magari."

Kauli hiyo haijanitoka mpaka leo. Huyu alikuwa mtoto mwenye akili, nilimfundisha mwenyewe kusoma. Angeambiwa mara moja tu, angeelewa.

Ndiyo maana askari wa usalama barabarani na mkufunzi wa udereva walipoomba darasa letu kwa ajili ya mafunzo ya bodaboda, niliomba nami niketi nyuma. Siku ya kwanza ilikuwa ya alama, mistari na sheria. Waliposema kofia ngumu hupunguza hatari ya kufa kwa takriban asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69, darasa lilinyamaza. Kisha akajibu mmoja kwamba abiria wanawake wanaikataa kwa sababu inavuruga mtandio, tena inanuka jasho. Ni kweli, na mkufunzi hakumkebehi. Walijadiliana kuhusu kuvaa kitambaa chepesi ndani na kuianika kofia juani.

Siku iliyofuata ndiyo iliyonifungua macho. Walitoka hadi kipande cha lami kilichofungwa, mkufunzi akachora mstari kwa chaki. Kila mmoja alitakiwa kuja kwa kilomita 40 kwa saa na kushika breki akifika mstarini. Karibu wote walikanyaga breki ya nyuma peke yake. Tairi lilipiga kelele, pikipiki ikaserereka, wakasimama mbali kuliko walivyodhani. Walipoulizwa kwa nini hawagusi ya mbele, walijibu kwa sauti moja: inabwaga.

Na inabwaga kweli, kwenye mchanga! Vichochoro vya Kilwa Masoko na Kivinje ni vya mchanga. Ukibana breki ya mbele ghafla pale, tairi linachota mchanga na wewe unalala chini. Vijana walikuwa wamejifunza sawasawa kutokana na ardhi yao, kisha wakaubeba ujuzi uleule hadi kwenye lami, ambako breki ya mbele ndiyo yenye nguvu kubwa ya kusimamisha. Mkufunzi aliwafundisha kuibana taratibu, zote mbili pamoja, wakarudia hadi alama zao zikasogea karibu na mstari. Hakuna barabara ambayo ingewafundisha hilo peke yake bila kuvunja mifupa kwanza.

Ujuzi wa mjomba nao haujapitwa. Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipoleta mafuriko na barabara ikakatika maeneo ya Somanga, madereva waliokulia kwenye lami hawakujua kuyasoma maji yanayokwenda kasi. Mambo ya fimbo na kina yangefaa kuwa kipindi kizima cha mafunzo, hasa sasa ambapo mabasi yameruhusiwa tangu 2023 kusafiri usiku kucha.

Kinachokwamisha ni fedha na umbali. Kijana anayedaiwa hesabu na mwenye pikipiki kila jioni hawezi kuacha kazi wiki nzima akasome Lindi mjini, na wamiliki wengi hawataki kusikia habari za ada. Kuna wanaoonyesha leseni ambayo hawakuitolea jasho hata la siku moja la kujifunza, na Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 haikukusudia hivyo. Naona mwenye chombo ndiye abebe ada, kama anavyobeba bima. Na mkufunzi aje Nangurukuru na Masoko kabla ya minada ya ufuta, kwa sababu malipo yakishatoka pikipiki mpya hujaa barabarani katika wiki moja.