Kutoka Memphis hadi Mtaa wa 106

George Coleman alizaliwa Memphis, Tennessee, tarehe 8 Machi 1935. Huo ni mji wa blues, na saksafoni, ambayo wapenzi wa dansi wa Tanzania huiita domo la bata, alijifundisha mwenyewe kwa kuzisikiliza santuri za Charlie Parker. Alianza na saksafoni ya alto. Katikati ya miaka ya 1950 B.B. King alihitaji mpuliza teno katika bendi yake. Kijana akabadili chombo, na teno ndiyo iliyompa jina. Mwaka 1956 alihamia Chicago pamoja na mpiga tarumbeta Booker Little. Miaka miwili baadaye aliingia kwenye bendi ya mpiga ngoma Max Roach, na New York ikawa maskani yake.

Mwaka 1963 mpiga tarumbeta Miles Davis alimchukua katika bendi yake. Kwenye piano alikuwapo Herbie Hancock, kwenye besi Ron Carter, na kwenye ngoma Tony Williams, kijana ambaye hata miaka 18 alikuwa hajatimiza. Coleman alikaa humo hadi 1964 tu. Hata hivyo, onyesho la tarehe 12 Februari 1964 katika ukumbi wa Philharmonic, New York, lilizaa albamu mbili: My Funny Valentine na Four & More. Katika hii ya pili mwendo ni wa kasi kubwa mno, na teno yake haijikwai. Mwaka uliofuata alishiriki kurekodi Maiden Voyage ya Hancock. Masimulizi mengi ya jazz humpita haraka kwa kuwa kiti chake kilikuja kukaliwa na Wayne Shorter. Hapo hatendewi haki, na anayetaka ushahidi azisikilize santuri hizo kwa utulivu.

Njia ya kufika mahali Coleman alipopiga uzeeni ni fupi. Nilipanda treni namba 1 Times Square, nikashuka kituo cha mtaa wa 103, nikapanda ngazi hadi Broadway na kutembea kuelekea kaskazini. Mtaa wa 106 una jina la pili, Duke Ellington Boulevard. Hatua chache kabla ya kuufikia, kwenye safu ya maduka ya kawaida, pana mlango wa Smoke. Klabu hii ilifunguliwa mwaka 1999 mahali palipokuwa na baa ndogo ya muziki iliyoitwa Augie's. Ilifungwa wakati wa janga la korona, ikafunguliwa tena mwaka 2022 baada ya kupanuliwa.

Smoke ni klabu ya chakula cha usiku. Mgeni hukaa mezani, huagiza mlo, na muziki huanza huku uma na visu vikiwa bado mkononi. Kwa msikilizaji aliyezoea jazz ya Afrika Mashariki jambo hili linahitaji maelezo. Dar es Salaam Jazz, Western Jazz na Morogoro Jazz zilikuwa bendi za dansi, na watu walikwenda kucheza. Hapa hakuna nafasi ya kucheza. Watu wamekaa, na wapigaji wanapoanza, mazungumzo hukoma.

Kukutana kwa chakula na saksafoni katika chumba kidogo hakukuwa rahisi siku zote katika jiji hili. Sheria ya mwaka 1926 ilidai leseni ya kabareti mahali pa kula na kunywa palipokuwa na muziki au dansi. Baadaye mikahawa isiyo na leseni iliruhusiwa kuweka wanamuziki wasiozidi watatu, nao wawe wa piano na vyombo vya nyuzi. Ngoma na vyombo vya kupuliza vilikatazwa. Wanamuziki wenyewe walilazimika kuwa na kadi ya polisi hadi mwaka 1967. Mpiga piano Thelonious Monk alinyang'anywa yake mwaka 1951, akakosa kazi za klabu za New York kwa miaka kadhaa. Masharti juu ya aina ya vyombo na idadi ya wapigaji yaliangushwa mahakamani katika miaka ya 1980, na sheria yenyewe ikafutwa mwaka 2017. Coleman alipitisha sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi chini ya sheria hiyo.

Nilichokuwa nakitafuta katika chumba cha Smoke ni ukaribu. Ukikaa meza za mbele unasikia hewa ikiingia kwenye chombo kabla ya noti yenyewe, na vidole vikigonga vifuniko vya matundu. Coleman anasifika kwa kupuliza bila kukata pumzi: mashavu huhifadhi hewa kidogo na kuisukuma nje, huku pua ikivuta nyingine. Wapiga zumari wa pwani yetu wanaijua mbinu hiyohiyo, na aliyewahi kumwona mpiga zumari arusini hatahitaji kuelezwa zaidi. Tofauti ni kwamba mkongwe wa teno huitumia kwa uchache, pale sentensi ya muziki inapodai urefu ambao kifua kimoja hakiwezi kuubeba. Katika wimbo wa polepole hufanya kinyume: huacha kimya kikae, na hapo ndipo umri humsaidia mpigaji kuliko kasi yoyote ya ujana.

Mwaka 2015 serikali ya Marekani ilimtunuku hadhi ya NEA Jazz Master, naye akiwa na miaka 80. Kampuni ya santuri ya klabu hiyohiyo ilitoa albamu yake A Master Speaks mwaka 2016, kisha The Quartet mwaka 2019. Katika hii ya pili kwenye piano yupo Harold Mabern, rafiki aliyekua naye Memphis. Mabern alifariki Septemba 2019.