Man Red na Memori Kadi za Tandika

Juzi nilimtajia mpwa wangu jina la Castolo. Ana miaka kumi na minne na akitoka shule hashiki daftari kabla ya kucheza eFootball kwenye simu. Akauliza Castolo ni wa timu gani. Nikamwambia alikuwa mshambuliaji wa PES, mtu ambaye hakuwahi kuwepo duniani. "PES ndiyo nini, mjomba?" Nilimjibu kwa kifupi kwa sababu chakula kilikuwa mezani, lakini jibu lenyewe halikuniridhisha.

Hili hapa jibu refu, na nimehakikisha tarehe. Jina la Pro Evolution Soccer, yaani PES, gemu la mpira wa miguu, lilianza kutumika mwaka 2001, na PES 6 ilitoka Ulaya Oktoba 2006. Kwetu Tandika, Dar es Salaam, tarehe hizo hazikuwa na kazi. Sisi tulianza na Winning Eleven, jina la toleo la Japani, na hata PES ilipokuja wengi waliendelea kuiita "Winning". Diski zilifika zikiwa zimenakiliwa na kuandikwa kwa kalamu ya wino mzito, na PES 6 ikachezwa mpaka miaka ambayo Wazungu walishahamia matoleo mengine.

Banda tulilochezea lilikuwa la mabati, halina dirisha. Ndani kulikuwa na TV za chogo, mabenchi ya mbao na feni iliyopepea upande wa mwenye banda tu. Harufu yake naijua mpaka leo: vumbi linaloungua nyuma ya TV, jasho la wanafunzi waliovua mashati ya shule ili wasitambulike, na mafuta ya chipsi yaliyopenya kutoka kibanda cha jirani. Mechi ilikuwa dakika tano. Aliyefungwa analipa na kuachia pedi.

Mwenye banda tulimwita Bosi. Alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na memori kadi zake, zilizohifadhi timu alizozihariri, alizifungia kwenye kopo la Blue Band. Humo ndimo ilimokaa thamani ya banda lile. Konami, kampuni ya Japani iliyotengeneza gemu, haikuwa na leseni ya klabu nyingi. Katika PES 5 Manchester United iliitwa Man Red na Liverpool ikaitwa Merseyside Red. Katika PES 6 Chelsea ikawa London FC. Lakini watengenezaji waliacha sehemu ya kuhariri: majina, jezi, nembo, kasi, nguvu ya shuti, hata nywele. Kila Agosti, usajili ulipopamba moto Ulaya, Bosi alifunga mlango usiku, akakunjua gazeti la michezo na kuhamisha wachezaji mmoja mmoja, akiandika majina herufi kwa herufi kwa pedi.

Kisha akatengeneza Simba na Yanga. Nembo alizichora nukta kwa nukta, na yule simba alimchukua muda mrefu kuliko wachezaji wote. Timu zilipokamilika ukazuka ugomvi mkubwa. Vijana wa Yanga walidai mshambuliaji wa Simba amepewa kasi ya Thierry Henry, wakagoma kucheza. Bosi hakuwafukuza. Alikaa nao kwenye benchi, akafungua namba zile mbele yao, wakabishana namba moja baada ya nyingine, akapunguza. Wa Simba nao wakanuna, wakarudi kesho yake. Sijaona tena mtengenezaji akiketi hivyo na wapenzi wa kazi yake.

Ulaya kulikuwa na watu wengi wa aina yake, waliohariri ligi nzima na kugawiana mafaili bure. Konami walijua, na kila mwaka waliuza gemu wakiwaachia wachezaji walimalizie. Ndiyo maana tulivumilia mengi. PES 2008 ilipokwama kwama kwenye PlayStation 3 tulikasirika, lakini tulikasirika kama watu wa nyumba moja. Mwaka 2018 leseni ya Ligi ya Mabingwa ikahamia kwa EA, washindani wao, na bado wengi tulibaki. Mwaka 2020 hawakuleta gemu jipya, walisasisha la mwaka uliotangulia, tukasubiri.

Halafu ikaja Septemba 30, 2021. Jina la PES lilikuwa limefutwa, na badala yake ikatolewa eFootball, bure, ikiwa na klabu tisa, nyuso zilizopinda na wachezaji waliopenya miili ya wenzao. Kwenye Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, ikashuka hadi miongoni mwa gemu zenye alama mbaya kuliko zote, na Konami wakaomba radhi ndani ya siku chache. Marekebisho makubwa yalifika Aprili 2022. Dunia ilicheka zile nyuso, na hapo ndipo wapenzi wenzangu waliponiudhi. Uso uliopinda ni kosa la haraka, hurekebishwa. Kilichostahili kelele zile ni kwamba siku hiyo hapakuwa na Master League, ule mtindo wa kuongoza klabu msimu baada ya msimu, wala hapakuwa na mahali pa kuhariri timu. Mchezaji sasa ni kadi, unaipata kwa sarafu na bahati, na anayepanga kasi yake ni seva iliyo mbali ambayo huwezi kukaa nayo kwenye benchi.

Bosi alishafunga banda kabla ya hayo yote; simu ndizo zilizomwondolea wateja, na pale sasa panauzwa vifuniko vya simu. Zile memori kadi sijui nani anazo. Konami hawahitaji kuturudishia jina la PES, wala wale wachezaji wa kubuni wa Master League, Castolo na Minanda. Wafungue tena sehemu ya kuhariri, na waifungue kwenye simu pia, kwa sababu vijana wa Tandika hawana kifaa kingine, na mabishano kuhusu kasi ya mshambuliaji wa Simba bado wanayo.