Maganda ya Ndizi na Jaa Lililojaa

Ndugu msomaji, wewe unayejifunza Kiswahili hapa Uganda, yasome maneno haya mawili pamoja: jaa, yaani mahali pa kutupia taka, na kitenzi kujaa. Kule Kiteezi, kaskazini mwa Kampala, yalikutana. Jaa hilo lilianza kupokea taka za jiji mwaka 1996. Tarehe 10 Agosti 2024, baada ya mvua kubwa, lilibomoka na kufukia nyumba za jirani. Watu zaidi ya 30 walifariki dunia.

Sehemu kubwa ya taka za jiji hutoka jikoni: maganda ya matoke na ya muhogo, majani ya migomba, mabaki ya chakula. Kwangu, kama kwako pengine, matoke hayapikwi bila kusalia ndoo ya maganda. Taka hizo zikifukiwa pasipo hewa huoza na kutoa methani, gesi inayowaka. Gesi hiyohiyo, ikikusanywa katika mtambo wa bayogesi, huivisha chakula bila moshi, na tope linalosalia hurudi shambani kuwa mbolea.

Apendaye makaa naye ana njia yake. Maganda huanikwa juani mpaka yakauke kabisa, huchomwa ndani ya pipa lenye hewa kidogo ili yawe makaa badala ya majivu, kisha husagwa, huchanganywa na uji wa muhogo, hufinyangwa na kuanikwa tena. Nimeyapikia. Hayashiki moto upesi, sitaficha, lakini yakishika hudumu, na maharagwe huiva taratibu bila mti kukatwa.

Basi ugumu hauko katika ufundi. Uko kwenye ndoo. Maganda yakichanganyika na mifuko ya plastiki, betri na vipande vya chupa, hayafai tena kwa mtambo wala kwa pipa, na mzoataka hana budi kuyapeleka jaani. Ndiyo maana naona wajibu wa kwanza wa raia ni ndoo ya pili jikoni, na wajibu wa kwanza wa jiji ni gari lisilozimwaga ndoo zote mbili pamoja. Baadhi ya majirani zangu wamekwisha kuanza kutenga. Mfugaji mmoja huja alfajiri kuyachukua maganda, maana ng'ombe wake huyapenda, na samadi yao ndiyo inayolisha mtambo wake wa bayogesi.