Dua ya Binti Mweusi

Huenda msomaji akastaajabu kumwona sheikh akiandika habari za mwigizaji wa sinema. Mavazi ya Hollywood na mambo yake yana mahali pake pa kuzungumziwa, na si hapa. Lakini katika maisha ya Lupita Nyong'o limo jambo ambalo kwa muda mrefu nimetaka kuliweka mbele ya mama zetu na mabinti zetu wa Taveta.

Alizaliwa mwaka 1983 mjini Mexico City, akalelewa Kenya. Alipokuwa na umri wa miaka 14 alisimama jukwaani Nairobi pamoja na kundi la Phoenix Players, akiwa Juliet katika tamthilia ya Shakespeare. Baadaye alisomea uigizaji Chuo Kikuu cha Yale, Marekani. Filamu yake kubwa ya kwanza ilikuwa 12 Years a Slave, alimoigiza Patsey, kijakazi wa shamba la pamba. Na tarehe 2 Machi 2014 akawa Mkenya wa kwanza kutunukiwa Oscar ya uigizaji. Mwaka 2016 aliigiza Broadway katika Eclipsed, tamthilia ya Danai Gurira kuhusu wanawake waliotekwa katika vita vya Liberia.

Siku chache kabla ya kupokea tuzo ile, alihutubia hadhara ya wanawake huko Marekani. Alieleza kwamba udogoni alikuwa akimwomba Mungu kila usiku aamke akiwa mweupe. Kukicha hukimbilia kioo, asitake kujitazama mwili kabla hajauona uso. Akafika hata kuwekeana masharti na Mola wake: ataacha kuiba vipande vya sukari usiku, atamtii mama yake kwa kila neno, hatapoteza tena sweta ya shule. Asubuhi rangi ni ileile.

Nimefundisha watoto chuoni miaka mingi, na maneno hayo yalinisimamisha. Mtoto amekwisha kujua kwamba Mola husikia, naye haja yake kubwa ni kubadilishiwa umbile! Nani aliyemfundisha dua hiyo?

Tunamfundisha sisi. Mtoto akizaliwa, shangazi hufunua kanga, akasema, "Mzuri mashaallah, ila mweusi." Ile "ila" mtoto hukua nayo. Nimeketi katika mabaraza ya posa, na watu wazima wakishauliza dini na nasaba, huuliza tena kwa sauti ya chini, "Na rangi yake je?" Akiwa maji ya kunde, nyuso hukunjuka. Hali tunasoma katika Suratur-Rum kwamba kutofautiana kwa ndimi zetu na rangi zetu ni katika ishara za Mwenyezi Mungu. Na Abu Dharr, sahaba mwenye cheo chake, alipomtukana mtu kwa mama yake, Mtume (S.A.W.) alimwambia kuwa bado ana ujahilia ndani yake. Wanazuoni wengi wamesema aliyetukanwa ni Bilal, na tusi lilikuwa weusi wa mama yake.

Mji wetu uko mpakani, na siku za soko hapakosekani mkorogo. Serikali imepiga marufuku krimu zenye zebaki na haidrokwinoni, nazo zauzwa. Uso hung'aa, vifundo vya vidole vikabaki na rangi yao ya asili, vikitoa ushahidi. Zebaki huharibu figo, na kwa mja mzito humfikia aliye tumboni. Kutibu ugonjwa wa ngozi ni jambo jingine. Hilo halina ubaya.

Katika hotuba ile Lupita alisoma barua ya msichana aliyekuwa karibu kununua krimu ya namna hiyo, akaacha baada ya kumwona yeye. Akataja pia usemi wa mama yake, kwamba uzuri hauliwi wala haushibishi. Mwaka 2019 alitoa kitabu cha watoto, Sulwe, yaani nyota kwa Kiluo, kuhusu binti aliye mweusi kuliko wote nyumbani kwao.

Baada ya darsa moja ya wanawake, dada mmoja alibaki nyuma akaniuliza hukumu ya mkorogo. Nilipomjibu alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Sheikh, mimi siutaki. Mume wangu ndiye anayeununua." Nikamwambia kwamba hakuna kumtii kiumbe katika kumuasi Muumba, na kwamba mumewe aje, nizungumze naye mwenyewe. Huu ni mwezi wa pili, na bado namngoja.